Bunduki ya Mjomba na Deraya ya Serikali

Mjomba wangu aliirudisha bunduki yake mwaka 2019. Ilikuwa G3, ndefu, kitako kimekwaruzika, mkanda umeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Alikuwa ameibeba miaka kumi na minne akiwa polisi wa akiba kule kwetu Baringo Kusini, ambako wazee bado wanawaita watu wa kazi hiyo homugadi, jina lililobaki tangu enzi za mkoloni. Mwaka huo serikali iliamuru polisi wa akiba katika kaunti za kaskazini wapokonywe silaha, kwa madai kwamba baadhi yao wanazitumia vibaya na nyingine zinaishia kwa wezi wa mifugo. Afisa alisoma nambari ya bunduki, akaiandika daftarini, kisha akazihesabu risasi moja moja juu ya meza: kumi na nane. Mjomba akatia sahihi, akapewa kipande cha karatasi. Alipofika nyumbani alikiingiza ndani ya Biblia, akakaa kimya mpaka chakula kikaliwa, ndipo akasema: "Basi leo mbwa wakibweka, nitatoka na tochi."

Nimeikumbuka sana tochi hiyo tangu maandamano ya Juni 2024, wakati magari ya deraya yalipoingia katikati ya Nairobi, na vijana waliotoka nyumbani na chupa ya maji, simu na bendera wakarudishwa kwao ndani ya majeneza. Tangu hapo Wakenya tunabishana juu ya mambo mawili kana kwamba hayajuani. Mjini tunauliza: je, polisi wetu wamegeuzwa jeshi? Kule Bonde la Kerio, Suguta na Turkana watu wanauliza: je, raia aachiwe bunduki ajilinde mwenyewe? Aliyekimbia vitoa machozi Nairobi anataka askari wapunguziwe silaha. Aliyelala porini na watoto kwa kuogopa wavamizi anataka askari waje na silaha nzito zaidi, au wamwachie yake. Wote wawili ni raia wa nchi moja, na wote wawili wana haki ya kuogopa. Kwangu mimi maswali hayo ni swali moja, maana bunduki zote hizo, ya mkulima, ya mwizi na ya askari, zimekuwa zikila kwenye sahani moja.

Nianze na upande wa serikali, kwa sababu wengi tunaoandika tukiwa mjini tunaupita haraka.

Novemba 10, 2012, kikosi cha polisi na polisi wa akiba kiliteremka kwenye bonde la Suguta, karibu na Baragoi kaunti ya Samburu, kikifuata mifugo iliyoibwa. Bonde lile ni jembamba, kuta zake ni mawe matupu, na jua lake halina huruma. Wavamizi walikuwa juu, askari chini. Waliouawa walizidi 40, wengi wao vijana ambao hawakuwa na muda mrefu tangu watoke chuoni. Miaka miwili baadaye, huko Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana, askari wengine wakaviziwa barabarani, wakafa wengi kwa mpigo mmoja. Anayesema polisi wasipewe magari ya kuzuia risasi, ndege wala bunduki za maana, ana wajibu wa kueleza yale magari ya kawaida yangewafikisha wapi vijana wale. Mwizi wa mifugo wa leo si yule wa hadithi za babu aliyekuja na mkuki. Anakuja na AK-47, anajua kupiga na kurudi nyuma kwa mpangilio, na mifugo anayoichukua mara nyingine inapakiwa kwenye malori kabla jua halijachomoza.

Ndiyo maana Februari 13, 2023 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alipotangaza kaunti sita kuwa maeneo ya hatari, Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu, watu wengi kule kwetu walishangilia. Kafyu ikawekwa kuanzia jioni hadi asubuhi. Wenye silaha haramu wakapewa siku tatu wazisalimishe. Bunge likaidhinisha jeshi liingie kusaidiana na polisi, na operesheni ikaitwa Maliza Uhalifu. Mama mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa amehama mara tatu kabla ya hapo, aliniambia kwamba usiku wa kwanza aliposikia helikopta alilala usingizi mzito. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba anashangilia ujeshi. Shule zilizokuwa zimefungwa nyingine zilikarabatiwa na wanajeshi haohao. Hilo lilitokea, na mwenye kuandika kwa haki lazima aliandike.

Lakini operesheni kaskazini mwa Kenya zina historia, na majina yake matamu ya Kiswahili hayaifichi. Kulikuwa na Nyundo, Okota, Dumisha Amani. Kulikuwa na Okoa Maisha, Mlima Elgon, Machi 2008, ambapo jeshi lilivunja kundi lililokuwa likikata watu masikio, na katika kulivunja likawakusanya wanaume kwa maelfu, wengine wakateswa, wengine hawakuonekana tena. Na kuna Wagalla. Februari 1984, Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege ili wasalimishe silaha. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wakavuliwa nguo, wakapigwa risasi. Kwa muda mrefu serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda wakakaribia elfu moja. Mtu wa Wajir anaposikia neno "kupokonya silaha" hasikii sera. Anauona uwanja ule.

Kuna jambo lingine ambalo operesheni hazijawahi kulitatua, nalo ni ujirani. Ukimnyang'anya mmoja bunduki ukamwachia jirani yake, umemchagulia nani afe. Waganda walijifunza hilo kwa uchungu Karamoja. Kampeni ya kupokonya silaha ilianza mwaka 2001. Walioitika wito wakabaki mikono mitupu mbele ya majirani ambao hawakuguswa, na askari walioahidiwa kuwalinda wakahamishiwa kwenye vita vya kaskazini mwa Uganda. Watu wakanunua tena. Mwaka 2006 jeshi likarudi kwa mkono mzito, likizingira vijiji alfajiri. Amani ikapatikana kwa miaka kadhaa, kisha wizi ukaanza upya, na Julai 2021 ikabidi kuwe na operesheni nyingine, hii ikiitwa Usalama kwa Wote. Aprili 2023 mahakama ya kijeshi huko Moroto ikawafunga wafugaji 32 Waturkana kutoka Kenya miaka 20 kila mmoja kwa kupatikana na silaha. Ukiwauliza Waturkana, watakwambia vijana wale walivuka kutafuta malisho na hawangeweza kuvuka bila silaha. Ukiwauliza Wakaramoja, watakwambia ni bunduki hizohizo zilizowaua ndugu zao. Nimewasikiliza wote na siwezi kusema upande mmoja unadanganya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, na ambalo halisemwi vya kutosha.

Bunduki bila risasi ni fimbo. Risasi inaliwa, inaisha, lazima itafutwe nyingine. Kwa hiyo anayetaka kujua vita vinaendeshwa na nani asiangalie bunduki, aangalie risasi zinatoka wapi. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Watafiti walikuwa wameokota na kulinganisha maganda na risasi, wakisoma alama zilizopigwa kwenye vitako vyake. Wakakuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kiharamu katika eneo lile zilitoka kwa polisi wa Kenya. Zilitengenezwa nchini mwetu, kwenye kiwanda cha serikali cha Eldoret. Sababu yenyewe ilikuwa na mantiki yake: dola ilishindwa kuwalinda watu wa mpakani dhidi ya majirani wa ng'ambo, basi ikawapa za kujilindia, kimyakimya, kupitia polisi wa akiba na nje yao. Zikishaondoka ghalani, hakuna aliyezifuata. Nyingine zililinda boma. Nyingine zilikwenda kwenye uvamizi. Nyingine, nina hakika, zilirudi kwa askari zikiwa zimekwisha kufyatuliwa.

Nilipomsomea mjomba habari hiyo hakushangaa hata kidogo. "Ukienda kuripoti," akaniambia, "wanakuuliza zimebaki ngapi. Hakuna siku niliulizwa zilizotoka zilikwenda wapi." Halafu akanieleza kitu ambacho sikukijua: miaka yote ile hakulipwa mshahara. Sheria inamtambua polisi wa akiba kuwa mtu wa kujitolea. Alipewa bunduki ya vita, alitakiwa alale macho, afe kabla ya wengine, na mwisho wa mwezi hakuwa na kitu. Mtu wa namna hiyo akikodisha bunduki kwa usiku mmoja, ni mhalifu, ndiyo, sina la kumtetea. Ila aliyeupanga mpango wenyewe alitegemea nini?

Wanaotetea haki ya raia kubeba silaha Kenya wana hoja moja inayozidi zote kwa nguvu, nayo ni Westgate. Jumamosi ya Septemba 21, 2013, washambulizi wanne waliingia kwenye jumba lile la maduka, Westlands, Nairobi, wakaanza kuua. Walioingia kuokoa watu katika saa za kwanza hawakuwa kikosi chenye deraya. Walikuwa polisi wachache waliovaa kiraia na raia wenye leseni za bastola, waliopigiana simu wakakutana mlangoni. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye leo ni seneta wa Garissa, alikwenda kumtafuta kaka yake aliyekuwa amekwama ndani. Picha iliyozunguka dunia inamwonyesha akiwa ameinama, bastola mkono mmoja, mkono wa pili umenyooshwa kwa mtoto wa kike anayekimbia kumjia. Walitambaa duka kwa duka, wakafungua stoo na vyoo, wakatoa watu kwa makumi.

Kikosi maalumu cha polisi kiitwacho Recce kilifika alasiri. Kisha jeshi likaja, na hapo mambo yakaharibika. Vikosi viwili vya nchi moja vilikutana ndani bila mawasiliano, wanajeshi wakawafyatulia polisi, kamanda wa Recce akafa kwa risasi ya wenzake, na kikosi chake kikaondoka. Mzingiro uliendelea hadi Septemba 24. Sehemu ya jengo ikaporomoka. Kamera za dukani zikawaonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko ya plastiki. Mkuu wa majeshi akasema walibeba maji ya kunywa, na baadaye wanajeshi wawili wakafukuzwa na kufungwa kwa wizi. Watu 67 waliuawa.

Ukiitazama siku hiyo peke yake, utasema raia wenye silaha oyee, jeshi zii. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa muda. Kilichonifanya nirudi nyuma ni kuitazama tena kwa makini. Raia wale walikuwa wachache, wamefunzwa, wanafahamiana, baadhi yao ni wanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na kila bastola ilikuwa na nambari kwenye faili ya leseni za serikali. Waliingia bega kwa bega na polisi waliowaamini. Wangekuwa mia mbili wasiojuana, katika hali ile, kila mmoja angemwona mwenzake kuwa gaidi. Kilichomuua kamanda wa Recce ndicho kingewaua wao: kutojua nani ni nani. Na Januari 2019, washambulizi walipovamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, Recce waliingia mapema, amri ilikuwa moja, na ndani ya siku moja mambo yakaisha. Watu 21 walikufa, na kila mmoja ni msiba, lakini tofauti na Westgate ilionekana. Silaha za polisi hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni nani anatoa amri.

Kuna jambo la kitabaka hapa ambalo linanikera. Leseni ya silaha Kenya si haki, ni fadhila inayotolewa kwa anayethibitisha kuwa anaihitaji na ana akili timamu, na serikali inaweza kuichukua. Mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliagizwa wajisajili upya na kukaguliwa. Sawa. Lakini anayezipata ni nani? Mfanyabiashara, mbunge, mwanasheria, mwenye shamba kubwa. Mfugaji wa Tiaty kule Baringo au Loima kule Turkana aliyezika kaka wawili hana pa kuanzia. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yanasema raia wa Kenya wana silaha kama 750,000, na zilizosajiliwa ni elfu chache tu. Yaani mjadala wetu wa leseni unahusu kipande kidogo sana cha mkate. Mkate wenyewe uko porini, bila nambari, umefunikwa kwa ngozi ya mbuzi.

Vijana wengi mjini siku hizi huchota hoja zao Marekani. Nimewasikia baada ya Juni 2024: kama sisi tungekuwa na bunduki kama Wamarekani, askari wangetuogopa. Ni maneno ya uchungu na siwezi kuyacheka. Lakini Marekani, penye silaha za raia takriban milioni 393, zaidi ya idadi ya watu wenyewe, ndiko polisi walikojihami kuliko popote katika nchi tajiri, na mambo hayo mawili yanasukumana. Februari 28, 1997, huko North Hollywood, Los Angeles, majambazi wawili waliovaa nguo za kuzuia risasi walitoka benki na bunduki za otomatiki. Polisi wenye bastola hawakuweza kuwaangusha, ikabidi wakaazime bunduki kwenye duka la silaha. Baada ya hapo hakuna mkuu wa polisi aliyetaka kushikwa hivyo tena. Mpango unaoitwa 1033 ulikuwa umeshafungua mlango kwa vifaa vya ziada vya jeshi kwenda kwa polisi wa miji. Agosti 2014, Ferguson, Missouri, kijana mweusi alipouawa na polisi, dunia ikaona magari ya vita yakiwakabili waandamanaji waliovaa fulana na kaptula. Rais Obama akauwekea mpango huo mipaka mwaka 2015, Trump akaiondoa mwaka 2017.

Na je, bunduki ya raia ilizuia polisi? Usiku wa Machi 13, 2020, Louisville, Kentucky, polisi walivunja mlango wa Breonna Taylor kwa kibali cha upekuzi. Mpenzi wake, mwenye bunduki halali, alidhani ni wezi, akafyatua risasi moja. Polisi wakajibu kwa 32. Breonna, mwenye miaka 26, akafa ukumbini kwake. Sheria ilimruhusu kijana yule kuilinda nyumba, sheria ikawaruhusu polisi kujibu, na katikati ya ruhusa hizo mbili akafa mtu ambaye hakushika chochote. Wala deraya nayo haikununua ushujaa: Uvalde, Texas, Mei 24, 2022, maofisa 376 walifika kwenye shule ya msingi, na zikapita dakika 77 kabla hawajamkabili muuaji. Watoto 19 na walimu wawili walikufa.

Nirudi nyumbani, Juni 25, 2024. Waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni. Polisi wakatumia risasi za moto. Jioni hiyohiyo ikatoka notisi kwenye gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi linaingia mitaani, na kesho yake wabunge wakaidhinisha. Katiba yetu, Kifungu cha 241, inasema jeshi linaweza kupelekwa kurejesha amani ndani ya nchi kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Ilikuja idhini, lakini ilikuja nyuma ya magari. Mahakama Kuu haikulitoa jeshi. Iliiamuru serikali iseme wazi, ndani ya siku mbili, jeshi litafanya nini, wapi na kwa muda gani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hukumu yenye busara kuliko zote zilizosemwa wiki ile. Haikukataa nguvu. Ilitaka nguvu iwe na mpaka na tarehe. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39.

Walioitetea polisi walisema: mlitaka wafanye nini, Bunge linachomwa? Swali hilo ni la haki. Kulinda Bunge ni kazi yao, na askari anayezungukwa na umati ni binadamu mwenye moyo unaodunda. Jibu limo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011: silaha ya moto inatumika pale tu njia nyepesi zimeshindwa, hasa kuokoa uhai ulio hatarini, na anayeuawa au kuumizwa vibaya lazima aripotiwe kwa IPOA, mamlaka inayosimamia polisi. Mali imetajwa humo pamoja na uhai, lakini kwa nguvu yenye sababu halali tu, wala hakuna panaposema mtu apigwe risasi kama adhabu. Kwa hiyo Julai 9, 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba yaliyoua watu wasiopungua 31, Rais William Ruto aliposema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni kisha apelekwe hospitalini na mahakamani, alikuwa akiweka kitu ambacho sheria haikukiweka. Nimeguswa zaidi na jambo hilo kuliko na magari yote ya deraya. Gari ni chuma. Ruhusa ndiyo inayoua.

Ushahidi wangu ni Juni 17, 2025. Kijana mchuuzi wa barakoa alikuwa kando ya barabara katikati ya Nairobi, ameshika pakiti zake za kuuza. Askari wawili wakamsukuma, akawa anaondoka. Mmoja akainua bunduki ya kutuliza ghasia, umbali wa mkono tu, akampiga kichwani. Hapakuwa na kifaru, ndege wala mkakati wa kijeshi. Kijana alifariki baada ya wiki mbili hivi, na askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji, kwa sababu simu za watu zilinasa uso wake. Wangapi walipigwa na mtu aliyefunika uso, kwenye gari lisilo na nambari, na risasi ambayo daftari la kituo halikuiandika?

Hapo ndipo Nairobi na Suguta zinapokutana. Kule kaskazini risasi ilitoka ghalani bila kuulizwa inakokwenda, ikaua mfugaji. Mjini inatoka ghalani bila kuulizwa inakokwenda, ikaua mwandamanaji. Mwaka 2020, wakati wa kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye baraza la ghorofa, Kiamaiko, Nairobi, na kesi ikafikishwa mahakamani kwa kuwa kuna waliofuatilia mpaka wakamfikia askari. Inawezekana, basi. Kila bunduki ya polisi ina nambari, kila anayeichukua zamu anatia sahihi, kila risasi ina alama ya kiwanda. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtambo mgeni. Inahitaji mkubwa wa kituo ajue kwamba kesho asubuhi mtu asiye wa kituo chake atakuja kulifungua lile daftari.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila Mkenya aruhusiwe bastola. Zitanunuliwa na wenye pesa, na maskini atakutana nazo kwenye matatu usiku. Sikubaliani pia na wanaosema polisi wa kaskazini wabaki na magari ya kawaida. Wapewe deraya, wapewe ndege, ila wakae. Kinachowafanya watu wa kwetu washike bunduki ni kwamba askari huja kama mvua ya msimu, kwa kelele, halafu huondoka. Polisi wa akiba walipwe kama watu wanaofanya kazi, na waulizwe kama watu wanaofanya kazi. Na kupokonya silaha kufanywe siku moja pande zote za bonde na pande zote za mpaka, Kenya na Uganda zikiwa meza moja, au kusifanywe kabisa. Najua wenzangu wa haki za binadamu watasema nimewapa polisi mengi. Waende wakalale Mukutani, kule Baringo, wiki moja, kisha tuzungumze.

Baada ya operesheni ya 2023 serikali ilianza kusajili polisi wa akiba upya. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alichaguliwa kwenye baraza la chifu, akapelekwa mafunzo, akarudi na bunduki. Jioni aliyofika, mjomba alimwomba aisogeze kwenye mwanga. Akachukua Biblia, akatoa ile karatasi ya 2019, akavaa miwani, akalinganisha nambari, tarakimu kwa tarakimu, kidole chake kikitembea juu ya chuma.

"Si hii," akasema. Akaikunja karatasi, akairudisha ndani. Tumeuliza ofisi mbili mpaka sasa ile yake ilikwenda wapi. Ya kwanza ilituambia tuulize ya pili, na ya pili ikatuambia daftari la mwaka huo halionekani.